Kocha Aliyesema "Kaoge Kwanza"

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, jifanye unatafuta kitu kabatini, usogee karibu na redio. Na kama uko ndani ya gari, unatoka na mtoto kwenye mashindano ya leo, tafadhali usibadilishe stesheni. Wewe hasa ndiye ninayekutaka.

Leo tunamkumbuka kocha wa tenisi wa watoto. Amefariki wiki hii kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani kwa mdogo wake, mchana, akiwa amejilaza kwenye kochi miguu juu ya mto. Jana tumemzika. Jina lake la kwenye vyeti wengi hawakulijua. Watoto walimwita Kaoge Kwanza. Wazazi nao, waliompenda na waliomchukia, walimwita hivyohivyo.

Kwa kawaida hapa huwa tunaongea kwa upole. Leo mtanivumilia. Nimetoka mazikoni roho imenichafuka, na mpaka sasa haijatulia. Nitawaambia kwa nini, lakini tuanze mwanzo, maana marehemu hakupenda mtu anayeanza hadithi mkiani.

Alikulia kwenye nyumba iliyopakana na ghala la unga. Ghala lile lilikuwa na ukuta mrefu usio na dirisha. Mjomba wake alimletea raketi kuukuu iliyolegea nyuzi, na mpira mmoja uliopukutika manyoya. Basi. Akaanza kuupiga mpira ukutani, na ukuta ukawa unamrudishia.

Mdogo wake, ambaye ni mfamasia, anakumbuka: "Dada alikuwa anaupiga ule ukuta mpaka jirani akaja kuuliza kama tunajenga. Mama akamwambia, ndiyo, tunajenga wazimu."

Akacheza, akashinda, akajulikana. Kisha bega likaharibika. Akawa kocha wa watoto katika klabu kubwa yenye viwanja vya udongo mwekundu. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, sitampaka marehemu asali. Alikuwa kocha mkali. Alikuwa mkali kupita kiasi. Yeye ndiye aliyeweka ile ndoo ya buluu.

Ndoo gani? Nisikilizeni. Watoto wale, wengine hawajang'oa meno yote ya utotoni, walikuwa wakitapika kabla ya mechi. Si kwa ugonjwa. Ni kwa hofu. Mtoto anasikia jina lake likiitwa, anakimbilia chooni. Sasa choo kilikuwa mbali, mechi zinachelewa. Kocha wetu akaona njia ya mkato. Akachukua ndoo ya buluu, akaiweka nyuma ya kibanda cha vinywaji, karibu na lango la uwanja. Mtoto akitaka kutapika, atapike hapo, ajifute, aingie. Klabu nzima ikaiita Ndoo ya Mabingwa. Wazazi waliicheka ndoo ile. Walipita kando yake wakiwa na glasi za juisi mkononi.

Mdogo wake anasema: "Nilimuuliza, dada, nyie kule mnafundisha watoto au mnawachinja? Akaniambia, anayetapika ndiye anayetaka kushinda. Alisema hivyo kwa kinywa chake. Baadaye akilikumbuka neno lile alikuwa anatema mate chini."

Ndipo alipokuja binti mmoja. Tutamwita kwa jina la utani alilopewa na klabu: Mnyoofu. Leo ni mama mtu mzima, na amekubali tumseme. Wakati ule alikuwa msichana mwembamba mwenye mkono wa kushoto mkali. Baba yake alikuwa mkandarasi wa majengo, na taa za uwanja namba moja alizifunga yeye. Mama yake alikuwa mwokaji mikate, na mashindano yalipokuwa yakichezwa, yeye alikuwa mbele ya tanuri.

Kwa nini Mnyoofu? Hapa niwaeleze jambo moja la mchezo huu, kwa wasioujua. Kwenye mechi za watoto hakuna mwamuzi wa kukaa juu ya kiti. Watoto hujiamulia wenyewe. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema kama umeangukia ndani ya mstari au nje. Ukisema nje, pointi ni yako. Ukisema ndani, pointi ni ya mwenzako. Mnaona mtego ulipo. Watoto wengi, hasa baba akiwa amesimama nyuma ya uzio, huwa na macho yanayoona nje tu. Mpira unaanguka juu ya chokaa, wao wanapaza sauti: nje!

Binti huyu alikuwa kinyume chao. Mpira ukikaribia mstari, yeye anasema ndani. Hata mwenzake alipokwisha kuona umetoka, yeye anainua mkono: ndani, pointi yako. Watu wanapiga makofi. Na mechi ikiisha, kabla hajanywa maji, anachukua ule wavu mzito wa kufagilia udongo, anauburuta upande wake wote, anaulainisha. Wenzake hawafagii mpaka waitwe. Yeye hakuitwa hata siku moja.

Basi klabu ikamvalisha kilemba cha ukoka. Mnyoofu, Mnyoofu! Wakamtungia Kombe la Uaminifu, wakampiga picha. Aliyependekeza apewe kombe ni kocha wetu. Aliyemkabidhi ni mwenyekiti wa klabu. Baba akatabasamu, akapeana mikono na kila mtu. Mtoto alishindwa mechi zile, lakini alishindwa kwa heshima. Ndivyo walivyosema, na wote walirudi nyumbani wakijiona watu wema.

Halafu siku moja wavu wa kufagilia ukachanika. Ulikuwa umepelekwa kushonwa. Mnyoofu alikuwa amemaliza mechi, ameshindwa tena kwa heshima, na watu wameshaenda kwenye kivuli. Kocha akaingia uwanjani kuokota mipira. Akaangalia chini.

Wasikilizaji wapendwa, udongo mwekundu una tabia moja. Mpira ukianguka unaacha alama, kovu dogo la mviringo. Alama ile haimwogopi baba wala mwenyekiti. Kocha aliona alama nje ya mstari, kwenye kona ya kushoto. Akaona nyingine. Akaona nyingine. Zingine zilikuwa nje kiganja kizima. Hata kipofu angezijua kwa kupapasa. Na zote zilikuwa upande wa Mnyoofu, zote zimeitwa ndani.

Alipoinua macho, akamwona binti yuko kona ya pili, anafuta alama kwa soli ya kiatu. Anafuta haraka haraka.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Nasafisha, Kocha."

"Hii mipira ilikuwa nje."

Binti akaendelea kufuta.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Sasa mbona ulisema ndani? Unamdhulumu nani?"

"Simdhulumu mtu, Kocha. Ni pointi zangu."

Kocha alikaa chini, palepale kwenye udongo, na nguo zake nyeupe. Binti akaona hakuna pa kukimbilia, naye akakaa. Maneno aliyoyasema, leo ameyarudia mbele yetu studioni, na nayaleta kama yalivyo:

"Nilimwambia, nikishinda, baba anaongea mpaka nyumbani. Nikishindwa, anaongea mpaka nyumbani, halafu anaendelea mezani. Ananitajia kila mpira. Lakini nikimwachia mwenzangu mpira, watu wakapiga makofi, anakuwa hana la kusema. Anasema tu, sawa. Halafu mimi naangalia dirishani mpaka tunafika."

Mmesikia? Rudieni nami polepole. Mtoto alikuwa akitoa pointi zake, moja baada ya nyingine, ili aangalie dirishani. Sisi watu wazima tulimpa kombe kwa hilo.

Inanitia kinyaa. Sina neno lingine la kistaarabu.

Kocha hakuamini mara moja. Alitaka asikie kwa masikio yake. Kwa hiyo mechi iliyofuata alimwambia binti: "Leo usimwachie mwenzako mpira hata mmoja. Piga unavyojua." Binti akapiga. Akashinda vizuri sana, mkono wa kushoto unachapa kama mtu anayekung'uta mkeka. Mechi ilipoisha, kocha akamfuata baba, akaomba lifti. Akasema gari lake limemgomea. Gari lake lilikuwa zima kabisa.

Akakaa kiti cha nyuma pamoja na mtoto. Gari halijatoka hata langoni, baba akaanza. Hakupaza sauti. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji. Angekuwa mmoja wa hao tungemjua mapema. Alikuwa mtu safi, anaongea taratibu, kama anayekagua nyufa kwenye ukuta aliojenga mwingine.

"Ule mpira wa kwanza wa seti ya pili. Kwa nini uliusubiri ushuke?"

"Sijui, baba."

"Hujui. Na ule uliougonga wavuni? Mguu ulikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma. Na tumesema nini kuhusu mguu?"

Akaendelea. Mtoto ameshinda, wasikilizaji wapendwa! Ameshinda, jasho halijakauka, magoti yana udongo, na anajibu maswali kama mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani. Kocha akamwona anaminya zipu ya mfuko wa raketi, anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga. Ndipo akasema neno lililomfanya aitwe alivyoitwa.

"Mzee, mtoto akaoge kwanza."

Baba akacheka. "Kocha na wewe! Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu si samaki. Na hata huyo samaki, huwa hakunjwi kila kona ya barabara."

"Mimi ninamjenga."

"Unamjenga au unambomoa? Naomba unisimamishie hapo."

Akashuka, na bado walikuwa mbali na kwake. Anasimulia mdogo wake: "Alifika hapa kwangu kwa miguu, viatu mkononi. Akapita moja kwa moja mpaka bafuni, akatapika. Nikadhani kala kitu kibaya. Akaniambia, nimekula vya kwangu mwenyewe. Ile ndoo niliiweka mimi."

Kesho yake alikwenda klabuni mapema, akaichukua ile ndoo ya buluu, akaiondoa. Akaanza kuzunguka kwa wazazi mmoja mmoja. Neno lilikuwa lilelile. Mtoto akitoka uwanjani, asiulizwe mechi. Akaoge kwanza, ale, anyamaze akitaka, aongee akitaka. Akiitaja mwenyewe, sawa. Asipoitaja, mpira ulishaanguka, hauokotwi. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwita mdekezaji.

Sasa lilikuja jambo kubwa. Kulikuwa na kambi ya vijana ya mbali, ya kuishi hukohuko, ya kucheza asubuhi na jioni. Klabu ilitaka kumpeleka Mnyoofu. Baba alitaka. Ilibaki kauli ya kocha. Kocha akaingia kwenye kamati akasema: huyu mtoto hafai kwenda. Ana hofu, halali, anatapika, na kila mechi anatoa pointi makusudi ili apate kupumua. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye, mtaalamu wa mambo hayo, na anahitaji kupumzika. Mkimpeleka kambini mtamuua akiwa hai.

Mnajua kamati ilijibu nini? Mwenyekiti, ambaye ni wakili, na bado yu hai, na nadhani ananisikiliza, alikohoa akasema: "Kocha, hapa hatuendeshi kituo cha kulelea watoto. Akifika kambini atakomaa. Na hilo la mipira, tafadhali, lisitoke nje ya chumba hiki. Tumeshampa kombe."

Tumeshampa kombe! Mtoto anazama, wao wanaogopa picha iliyoko ukutani.

Kocha akakataa kuunga mkono. Wakamwambia wanaweza kumpeleka bila yeye. Basi akatoka pale, akaenda kiwanda cha mikate kwa mama yake Mnyoofu, kwenye joto la tanuri, akamkuta na unga mpaka nyusi. Mama hakuwa akijua lolote. Yeye alikuwa akiona makombe tu, na mtoto asiyemaliza chakula. Alimsikiliza kocha mpaka mwisho, akavua aproni.

"Nani yuko naye leo?"

"Yuko klabuni, dada. Baba yake anamngoja."

"Basi leo atangoja sana."

Mama akaenda na kofia yake ya kazini kichwani. Akamshika mtoto mkono mbele ya watu wote wa kwenye kivuli. Mume akauliza, tunapanda gari? Akajibu, wewe panda, sisi tutatembea. Wakatembea. Mnyoofu anasema hawakuongea kitu njia nzima, isipokuwa mama alimuuliza kama viatu vinambana. Vilikuwa vinambana. Akavua, akatembea na soksi.

Kambini hakwenda. Alipelekwa kwa mtaalamu, akaongea naye kwa muda mrefu, na hilo mama alilisimamia kama anavyosimamia mikate yake. Klabu nayo ikamfukuza kocha. Walisema amekiuka maadili. Nimeirudia sentensi hiyo mara kadhaa nikijiandaa na kipindi hiki, na kila mara nimetaka kufungua dirisha.

Kocha akarudi kwenye ukuta wa ghala la unga. Akachora mstari wa wavu kwa chokaa. Mipira akaiweka kwenye ile ndoo ya buluu, aliyoisugua mwenyewe mpaka ikapauka. Watoto wakaja, wachache, kisha wengi. Hapo kulikuwa na sheria moja, mzazi anakaa ng'ambo ya barabara, mgongo ameuelekeza ukutani. Mzazi mmoja alilalamika kuwa hamwoni mwanawe. Kocha akamwambia, utamwona nyumbani, ndiye yuleyule.

Mnyoofu alirudi baada ya muda, kwa miguu yake, kuupiga mpira ukutani. Hakuwahi kuwa bingwa. Leo ni mpimaji wa macho, na hilo linamchekesha mwenyewe: "Mimi niliyeshindwa kuuona mpira wa nje kiganja kizima, leo ndiye ninayewapimia watu macho." Bado anacheza, kila apatapo nafasi. Anasema mpira wa nje siku hizi anauita nje, tena kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa.

Sasa turudi jana, mazikoni, nilikochafukwa roho.

Watoto wa ukutani walileta maua. Hawakuwa na chombo, wakayatia kwenye ndoo ya buluu, wakaiweka mbele, karibu na jeneza. Ikaja klabu. Ikaja na shada la maua kubwa kama gurudumu la lori, lina utepe. Kijana mmoja wao akaiona ndoo, akakunja pua, akaisogeza nyuma ya spika ili shada lipate nafasi. Nilimwona kwa macho yangu.

Mwenyekiti akashika maikrofoni. Akasema marehemu alikuwa nguzo ya klabu. Nguzo waliyoing'oa wenyewe! Akafuta macho kwa leso, machozi ya mamba yale, leso ilitoka kavu. Kisha akatangaza kuwa klabu itaanzisha kombe la watoto kwa heshima yake. Litaitwa Kombe la Ujasiri. Atapewa mtoto asiyelia uwanjani.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama aliyekaa kando yangu, naye amefumba macho. Wengine walianza kupiga makofi, maana siku hizi mtu akishika maikrofoni hupigiwa makofi hata akitukana.

Ndipo alipoinuka mama mmoja mwenye miwani, mpimaji wetu wa macho. Hakukimbia. Alikwenda nyuma ya spika, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akairudisha mbele, juu kabisa ya utepe wa shada lao. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akasema kwa adabu zote:

"Mzee, shikamoo. Ukimaliza hotuba, nenda kaoge."

Watu walicheka, wasikilizaji wapendwa. Walicheka mazikoni, mdogo wake marehemu akacheka mpaka akashikiliwa. Nadhani na marehemu angecheka.

Asubuhi hii, baba wa Mnyoofu alipiga simu hapa studioni. Ni mzee sasa. Alitaka tuseme kuwa binti yake angefika mbali. Nikamuuliza, mzee wangu, katika safari zote zile za gari, uliwahi kumuuliza anajisikiaje? Akasema, nilimuuliza kila siku. Ulimuuliza nini? Nilimuuliza kwa nini aliuachia ule mpira. Na alijibu nini?  Akasema, "Sikumbuki. Nilikuwa naendesha."

 

Tunawapa pole mdogo wake marehemu, wajukuu wa kaka yake, na watoto wote wa ukuta wa ghala la unga. Poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira. Pole pia kwa binti wa mkono wa kushoto, na kwa mama yake mwokaji, aliyekwenda kazini leo kama kawaida kwa sababu, anasema, unga ukishaumuka hausubiri mtu.

Wewe mwenye mtoto anayeshika raketi, nakuomba ujipime. Mtoto asiyekula siku ya mechi anakuambia kitu. Anayeumwa tumbo kila Jumamosi anakuambia kitu. Hata mtoto mwema kupita kiasi, asiye na kosa, anayefagia bila kuitwa, naye huenda anakuambia kitu. Muulize mtu anayejua. Usimpe kombe.

Sasa tutanyamaza dakika moja kwa ajili ya marehemu. Hatutapiga muziki. Na wewe uliye garini, uliyetoka uwanjani, naye amekaa nyuma yako na magoti yenye udongo: usimtazame kwenye kioo. Usiseme neno. Kuna binti aliyelazimika kukinunua kimya hiki kwa mipira yake mwenyewe. Wako mpe bure. Mwache aangalie dirishani.

Mkifika nyumbani, unajua la kumwambia.